Dawa ya mwani ya Alzheimer (GV-971): maswali mnayoniuliza kila mara

Mimi kazi yangu ni chemisti, hapa hapa Mombasa. Kila klipu ya "dawa ya mwani inayorudisha akili" ikizunguka Watsapu, wiki hiyo yote naulizwa yale yale kaunta, na wengi wanaouliza ni watoto wa watu wanaomuona mzazi wao anapotea kidogo kidogo, sasa siwezi kuwajibu haraka haraka huku foleni imefika mlangoni. Nimeona niyaandike yote mara moja.

Kwa mwenye haraka: dawa yenyewe, GV-971 ya Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoiba kumbukumbu), ipo kweli, si uongo wa mtandaoni. Lakini Kenya haijawahi kusajiliwa, ushahidi wake ni mwembamba, na huko kwao China uzalishaji umesimama. Na ile jeli ya mwani mnayouziwa kwa chupa si hiyo dawa, wala si ndugu yake. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma.

## Mambo ya kwanza kwanza

Hiyo dawa inaitwaje hasa, na imetoka wapi?

Jina la maabara ni GV-971, la kemikali ni sodiamu oligomanati, na la biashara ni Oligomannate. Ni ya China. Utafiti wake ulianza mwaka 1997 kule Qingdao, mji wa pwani, kwenye chuo kikuu cha bahari, na jina linalotajwa zaidi ni la mtafiti mmoja mwanamke, Geng Meiyu, ambaye baadaye alihamia Shanghai Institute of Materia Medica. Kampuni iliyoibeba mpaka sokoni ni Shanghai Green Valley.

Tarehe 2 Novemba 2019 serikali ya China ikaipa kibali, lakini kibali cha masharti, yaani uzeni huku mkiendelea kutuletea ushahidi. Hilo neno "masharti" kwenye klipu halitajwi kabisa, na ndo lililokuja kuamua mambo (angalia swali la kama bado inauzwa China).

Kelele zilikuwa kubwa kwa sababu Alzheimer ilikuwa imekaa muda mrefu bila dawa mpya. Ya mwisho kupita Marekani ilikuwa memantine, mwaka 2003. Kampuni kubwa kubwa zimemwaga mabilioni na kutoka mikono mitupu, alafu ghafla Mchina anakuja na kitu cha mwani kinachofanya kazi tumboni. Lazima dunia igeuke itazame.

Ni mwani mzima umesagwa ukatiwa kwenye kapsuli?

La. Wanachukua mwani wa kahawia, ule wa bahari za baridi, wanatoa utomvu wake unaoitwa aljineti, kisha wanaukatakata kwa kemia mpaka wabaki na minyororo mifupi ya sukari ya aina yake. Hiyo minyororo ndo dawa. Ukila mwani mzima mwili wako haufanyi hiyo kazi ya kiwanda.

Aljineti yenyewe si kitu kigeni, mshaimeza wengi bila kujua, iko ndani ya Gaviscon ile ya kiungulia. Na kabla hamjaniuliza, maana nshaulizwa: hapana, kunywa Gaviscon hakurudishi kumbukumbu.

Kusahau si uzee tu? Mbona tuuite ugonjwa?

Kusahau ulipoweka miwani ni uzee. Kuishika miwani mkononi usijue ni ya nini, hiyo ni habari nyingine. Mzee akisahau jina la mtu kisha likamjia jioni, muache. Lakini bibi aliyekwenda Marikiti miaka 40 akianza kupotea njia ya kurudi Mji wa Kale, au anaweka sukari kwenye chai mara tatu, au anauliza mumewe yuko wapi na mumewe alizikwa zamani na yeye alikuwepo, hapo usiseme "ni umri".

Alzheimer ndo sababu kubwa zaidi ya hali hii, inabeba kama asilimia 60 mpaka 70 ya watu wote wenye ugonjwa wa kupoteza akili ukubwani. Iliyobaki ni mishipa ya ubongo iliyoziba (presha na kisukari vina mkono hapo), na aina nyingine. Ndo maana mtu akiniambia "nataka dawa ya Alzheimer" swali langu la kwanza ni nani amesema ni Alzheimer.

Na hili naliandika kwa sababu ya tunakoishi: kusahau, kuongea peke yake, kutoka usiku bila nguo, si uchawi. Hapo Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mpaka kukawa na kituo Kaya Godoma cha kuwahifadhi wanaokimbia watoto wao wenyewe. Sisemi wote walikuwa wagonjwa, mengine ni mashamba tu. Lakini mzee anayeugua ubongo ni rahisi sana kusingiziwa.

Ni dawa ya wanaoanza tu au hata waliofika mbali?

Kibali kilisema hatua ya mwanzo mpaka ya kati. Kwenye majaribio walichukua watu waliopata alama 11 mpaka 26 kwenye kile kipimo cha maswali cha alama 30 (anakuuliza leo siku gani, hesabu kurudi nyuma, chora hivi). Aliye na 11 hajaanza jana. Kwa hiyo wanaoinadi kama "dawa ya mapema kabla ugonjwa haujakolea" wanaongeza chumvi, haikupimwa hivo.

## Tumbo na ubongo

Ugonjwa uko kichwani, dawa inakwenda tumboni. Wapi na wapi?

Hapa ndo penye utamu wa hii habari, na mimi binafsi ndipo paliponivutia.

Utumboni mna bakteria wengi mno, wengine wanatufaa na wengine wanavumiliwa tu. Mwezi Septemba 2019 kina Geng walichapisha kwenye jarida la Cell Research maelezo yafuatayo, na nayaeleza polepole. Kwenye panya waliofanywa waugue Alzheimer, bakteria wa tumboni wanabadilika kadiri ugonjwa unavyokwenda. Mabadiliko hayo yanaongeza amino asidi mbili kwenye damu, fenilalanini na isolusini. Hizo mbili zinazichochea seli za kinga za aina fulani, zinazaana, zinapanda mpaka kwenye ubongo, na huko zinazichokoza seli za ulinzi za ubongo wenyewe, ambazo zikishakasirika zinaharibu mpaka zisichotakiwa kugusa. Ni kama moshi wa jiko la jirani, moto hauko kwako lakini macho yanayowasha ni yako.

Dawa sasa, kwa sababu ni sukari isiyonyonywa sana na mwili, nyingi inabaki tumboni, na hao bakteria wanaila kama chakula. Wanajipanga upya, zile amino asidi zinashuka, seli za kinga zinatulia, ubongo unapumua. Walisema pia kiasi kidogo kinachoingia kwenye damu kinafika ubongoni na kuzuia amiloidi, zile protini zinazorundikana ubongoni mwa mwenye Alzheimer, zisigandamane.

Hiyo nadharia imethibitishwa lakini?

Kwa panya, kwa kiasi. Kwa binadamu, bado sana.

Kuna profesa wa University of Chicago, Sangram Sisodia, ambaye maabara yake iliijaribu hiyo dawa kwa panya wao, na kweli bakteria walibadilika, amiloidi ikapungua, na zile seli za ulinzi zikatulia. Ila kwa madume tu! Kwa majike hawakuona kitu. Walichapisha mwaka 2024. Sasa fikiria, huko Marekani karibu thuluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake, na hapa kwetu wanaoletwa kwangu kwa maswali haya ni kina nyanya zaidi kuliko kina babu. Sisemi binadamu ni panya, nasema hilo lilitakiwa limfanye mtu aulize tena kabla ya kushangilia.

Kwa jumla habari ya tumbo na ubongo si ya kubuni, inachunguzwa kila kona kwa Alzheimer na kwa Parkinson pia. Lakini "inachunguzwa" na "inatibu" kuna bahari katikati yake.

Basi si nimpe mzee mtindi na mbaazi, bakteria wajipange wenyewe?

Mpe, kwa raha zake, na mimi pia nipitishie mbaazi za nazi na mahamri asubuhi. Kunde, mbaazi, mboga za majani, matunda na samaki vinafaa moyo na mishipa, na kinachofaa mishipa kinafaa ubongo. Ila usimwite dawa mtindi, na usinunue zile kapsuli za bakteria za bei ya juu ukitarajia mzee akumbuke majina ya wajukuu. Zile pesa zina kazi, angalia swali la nianzie wapi.

## Inafanya kazi kweli?

Majaribio yalisema nini?

Jaribio kubwa lililofika mwisho ni moja, awamu ya 3, China. Watu 818, hospitali 34, wiki 36. Nusu walipewa dawa, miligramu 450 asubuhi na 450 jioni, nusu wakapewa kapsuli tupu za kufanana nazo. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2021.

Walipima kumbukumbu na akili kwa kipimo chenye alama 75. Mwisho wa wiki 36, waliokunywa dawa walikuwa mbele kwa alama 2.15. Kihesabu hiyo tofauti si ya bahati nasibu. Na usalama haukuwa mbaya, madhara ya waliokunywa dawa na waliokunywa kapsuli tupu yalikaribiana.

Si ndo vizuri basi? Mbona madaktari wengi wanaguna?

Wanaguna kwa sababu kadhaa, na mimi naguna nao.

Alama 2 kati ya 75 ni kidogo. Watu wengi wa fani hii wanataka angalau 3 au 4 ndo waseme mgonjwa mwenyewe au walio nyumbani wataona tofauti. Na kweli walipopima mambo ya nyumbani, kuvaa, kula, kujihudumia, hakukuwa na tofauti ya maana. Tabia vile vile, zile hasira na kutangatanga, hakuna. Sasa niambie dadangu unayemuogesha mamako kila siku, alama 2 za kwenye karatasi zitakupunguzia nini?

La pili, ukiitazama grafu yao, kwa muda mrefu makundi yote mawili yanakwenda karibu karibu, alafu kwenye wiki 12 za mwisho wale wa kapsuli tupu wanaporomoka ghafla. Tofauti kubwa imetoka hapo. Alzheimer kwa kawaida haiporomoki namna hiyo, inashuka taratibu, ndo maana watu wakauliza hapo kumetokea nini.

La tatu, wagonjwa walitambuliwa kwa dalili na picha za kawaida za ubongo, hawakupimwa amiloidi kwa ile skani maalumu ya PET. Kwa hiyo baadhi yao pengine hawakuwa na Alzheimer kabisa. Na wiki 36 kwa ugonjwa unaokaa miaka 8 au 10 ni muda mfupi.

Hakuna hata moja hapo linalosema dawa ni ya utapeli. Linalosemwa ni kwamba jaribio moja la namna hii halitoshi, linahitaji lirudiwe mahali pengine na watu wengine.

Na likarudiwa?

Lilianza. Mwaka 2020 Marekani iliwaruhusu kuanza jaribio la kimataifa lililoitwa GREEN MEMORY, wapatikane wagonjwa 2,046 kutoka Marekani, Ulaya na Asia, mwaka mzima wa kulinganisha na kapsuli tupu kisha miezi 6 wote wanapewa dawa. Lingejibu maswali karibu yote ya hapo juu.

Mei 2022 kampuni ikalisimamisha katikati. Walisema korona na ukosefu wa pesa. Jibu tulilokuwa tunalingoja halikuja, na ukiniuliza mimi hilo ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Kwani China hawaiuzi bado?

Iliuzwa, na mwishoni mwa 2021 ikaingizwa kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa na bima ya taifa, watu wengi sana wakaitumia. Lakini kile kibali cha masharti kilikuwa cha miaka 5, kikaisha Novemba 2024, na mwaka 2025 uzalishaji ukasimama. Familia za huko zikaanza kuhangaika kutafuta boksi zilizobaki.

Kwa hiyo klipu inayokwambia "dawa mpya imegunduliwa China" inakuletea habari ya 2019 iliyopakwa rangi.

## Kuipata hapa kwetu

Naweza kuinunua Mombasa?

Huwezi, kihalali. Dawa yoyote Kenya lazima isajiliwe na Pharmacy and Poisons Board, ile PPB, na hii haijasajiliwa. Ukiiona kwenye rafu ya mtu au kwenye stetasi ya mtu, jiulize imepita wapi.

Ami yangu anapanda Guangzhou kila mara kwa biashara. Si aniletee boksi mbili?

Hili swali ni letu watu wa bandari kabisa, kila mtu ana ami wa Guangzhou. Siku zile ilipokuwa kwenye maduka yao ningekwambia fikiria mara mbili. Sasa hivi nakwambia usijaribu, kwa sababu dawa iliyosimama kutengenezwa na bado inatafutwa ndo inayopendwa na wanaotengeneza feki. Boksi ni la Kichina, wewe husomi, mimi sisomi, ami pia anajua kuhesabu bei tu. Utajuaje ndani mna nini? Na mzee wako akiharisha au akianguka, daktari wa hapa hana pa kuanzia.

Ilikuwa bei gani?

Mwanzoni yuan 895 boksi moja, na boksi lina kapsuli 42 za miligramu 150. Kapsuli 3 asubuhi, 3 jioni, boksi linaisha kwa wiki moja. Kwa mwezi ni yuan 3,580, kwa shilingi zetu zaidi ya elfu 60. Bima ilipoingia ikashuka mpaka yuan 296 boksi, bado ni kama elfu 20 na kitu kwa mwezi. Na anayekuuzia hapa lazima aweke faida yake juu.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa?

Dawa isiyosajiliwa nchini hailipiwi na mtu. Tuendelee.

Mwani wetu wa Kibuyuni na Gazi je? Si ni ule ule?

Si ule ule. Mwani unaolimwa na kina mama wa Kwale, Kibuyuni, Mkwiro, Gazi, na ule wa Unguja na Pemba, ni mwani mwekundu, hata kama ukiwa majini unauona wa kijani au wa hudhurungi. Wengi wanauita spinosumu na kotonii. Utomvu wake unaitwa karajinani, unakwenda kwenye aiskrimu, dawa ya meno, vipodozi. GV-971 imetokana na mwani wa kahawia na utomvu wake ni mwingine kabisa, kemia haifanani. Hata yale majani ya kahawia yanayotupwa ufukoni upepo ukibadilika, ambayo kweli ni mwani wa kahawia, ukiyachemsha utapata maji ya chumvi yenye harufu.

Naupenda ukulima wa mwani na napenda hao kina mama wapate bei nzuri, sabuni zao nanunua. Lakini anayeuza ile jeli ya mwani wanayoiita simosi (sea moss) na kuandika "inatibu Alzheimer, imethibitishwa China" anaazima sifa ya kitu kingine.

Si ni chakula tu, itamdhuru nini?

Kidogo kwenye chakula haitamdhuru mtu mzima wa afya. Wasiwasi wangu ni kwa wazee wanaokunywa vijiko kila siku. Mwani una ayodini, mwingine nyingi kupita kiasi, na mzee mwenye ugonjwa wa thairoidi (ile tezi ya shingoni) anaweza kuvurugwa, moyo ukaenda mbio au akachoka akalala tu. Mwani pia hunyonya vitu vya baharini, yakiwemo madini mazito, inategemea umeota wapi. Na kama mzee anatumia warfarin ya kulainisha damu, mwambie daktari kabla ya kumpa mwani wa aina yoyote, kwa sababu vitamini K iliyomo inapingana na hiyo dawa.

## Sasa nifanye nini?

Mamangu ameanza kusahau. Nianzie wapi?

Anzia kwa vile vinavyotibika, maana vipo na ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mpeleke Coast General au hospitali yoyote yenye daktari wa magonjwa ya ndani, na uombe haya yaangaliwe: damu ya jumla, sukari, thairoidi, vitamini B12, figo, HIV na kaswende (usione haya, ni vipimo vya kawaida kwa kila mtu mwenye tatizo la kumbukumbu), mkojo. Mkojo hasa kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla ndani ya siku chache, mzee akiwa na maambukizi ya mkojo anaweza kupayuka kama mwenye wazimu na akitibiwa anarudi. Alianguka miezi ya karibuni? Sema, pengine damu imevuja taratibu chini ya fuvu, na hiyo skani inaiona. Anatumia metformin ya kisukari kwa miaka? Hiyo inashusha B12. Amefiwa, hali, halali, analia? Pengine ni sonona, nayo huiba kumbukumbu.

Masikio pia. Kuna mzee unamwona hajibu, unasema akili imekwenda, kumbe hasikii. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu, na kutosikia vizuri limo, pamoja na presha, kisukari, sigara, kolesteroli, macho yasiyotibiwa, upweke na mengineyo. Walikadiria karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa hayo yakishughulikiwa. Hakuna kapsuli ya mwani iliyowahi kukaribia hapo.

Piriton ina shida gani? Nimesikia umewakataza watu.

Nawakataza wazee. Piriton, amitriptyline, artane, na vile vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, vyote vinaziba ile kemikali ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari anayo kidogo. Watu wanampa nyanya Piriton kila usiku "alale atuache tulale" na mwezi wa pili wananiambia amezidi kuchanganyikiwa. Leta mfuko wa dawa zake zote tuuangalie, hata kwa chemisti yako ya mtaani, hilo ni bure. Artane na amitriptyline usimwachishe mwenyewe ghafla lakini, rudi kwa aliyemuandikia.

Dawa gani za Alzheimer zipo hapa hapa?

Donepezil na memantine zipo kwa chemisti kubwa, kwa karatasi ya daktari. Hazitibu, zinasaidia dalili kwa muda, wengine zaidi, wengine hazisaidii kitu. Donepezil huanza na miligramu 5 usiku, baada ya wiki 4 mpaka 6 daktari anaweza kupandisha 10. Tegemea kichefuchefu au kuharisha mwanzoni, na ndoto za ajabu, zikimsumbua hameni muda anywe asubuhi. Akizimia au mapigo ya moyo yakiwa ya chini, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na zile sindano mpya za Marekani?

Lecanemab (kibali kamili Julai 2023) na donanemab (Julai 2024). Zenyewe zinaondoa amiloidi ubongoni kweli, na ni za hatua ya mwanzo kabisa. Jaribio la lecanemab lilikuwa na watu 1,795 kwa miezi 18, na ugonjwa ulipungua kasi kwa asilimia 27. Haukusimama, ulipungua kasi. Shida ni kwamba unatiwa dripu mara kwa mara (lecanemab huanza kwa kila wiki mbili, donanemab ni kila wiki nne), lazima uthibitishwe amiloidi kwanza, na skani za MRI za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa pesa na vifaa vyetu, kwa sasa si jambo la familia ya kawaida ya Kisauni wala Likoni.

## Maswali ya pembeni

Nshampa babangu jeli ya mwani muda mrefu na naona ameboreka. Nimwachishe?

Alzheimer ina siku nzuri na siku mbaya hata bila kitu. Na mtu akianza kumpa mzee kitu kila asubuhi, mara nyingi anakaa naye, anaongea naye, anamlisha vizuri, na hilo lenyewe linafaa. Kama hana thairoidi wala warfarin (angalia juu) sitagombana na wewe kwa kijiko. Ila usiache donepezil kwa ajili yake, na usikope.

Mimi nina miaka 45, mamangu anayo. Nikianza mwani sasa itanikinga?

Hakuna aliyewahi kupima hilo. Pima presha, pima sukari, acha sigara, tembea. Ugonjwa ukimpata mtu akiwa mzee haimaanishi na wewe lazima utaupata, ule wa kurithi moja kwa moja ni nadra sana na huanza mapema, kabla ya miaka 65.

Kapsuli ni halali kutumia?

Mwani hauna neno. Gamba la kapsuli yoyote ndo la kuuliza, kwa sababu jelatini inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Uliza chemisti yako asome, nyingine zina gamba la mimea. Mkikosa mbadala, muulizeni sheikh wenu, si mimi.

Na kufunga Ramadhani je?

Donepezil ni mara moja kwa siku, inaingia baada ya futari bila tabu. Tatizo ni maji, mzee asiyekumbuka kama amekunywa daku anaishiwa maji haraka, na kuishiwa maji pekee kunamchanganya. Mgonjwa ana ruhusa yake, mzungumze kama familia kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ameshaanguka chooni.

Anakataa dawa, anasema namuwekea sumu. Nimtilie kwenye chai?

Hiyo shuku ni sehemu ya ugonjwa, si kwamba amekuchukia. Jaribu saa nyingine, jaribu mtu mwingine ampe, mara nyingi mjukuu anapokewa anapokataliwa mtoto. Kusaga na kuficha usiamue peke yako, kuna vidonge haviruhusiwi kusagwa, na kuna suala la haki yake pia, kwa hiyo muulize daktari wake kwanza. Donepezil ipo ya kuyeyuka mdomoni, waulize chemisti kama wanaweza kuiagiza.